Justus von Liebig: Mkemia maarufu aliyewauzia wakulima mbolea isiyoyeyuka

MWAKA 1845 wakulima wa Uingereza walitangaziwa mbolea ya aina mpya. Haikuwa samadi ya ng'ombe, haikuwa mifupa iliyosagwa, wala haikuwa gwano, ile samadi ya ndege iliyokuwa ikiletwa kwa meli kutoka visiwa vya Peru. Ilikuwa ni mbolea iliyopikwa kiwandani kwa moto mkali, na ilibeba jina la Justus von Liebig, mtu ambaye wakati huo alihesabiwa kuwa miongoni mwa wakemia wakubwa kabisa barani Ulaya.

Mbolea hiyo ilitengenezwa na tajiri wa viwanda vya kemikali, James Muspratt, ambaye watoto wake walikuwa wanafunzi wa Liebig. Hataza ilikatwa, bidhaa ikaingia sokoni, wakulima wakanunua na kumwaga mashambani. Mvua ikanyesha. Mazao hayakuonyesha tofauti ya maana. Baada ya misimu michache biashara ile ilikufa, na maadui wa Liebig, ambao hawakuwa wachache, wakapata la kusema kwa miaka mingi.

Jambo la kushangaza ni kwamba nadharia aliyoisimamia Liebig ilikuwa sahihi kwa sehemu kubwa. Kila mfuko wa mbolea ya viwandani unaouzwa leo katika maduka ya pembejeo una deni kwake. Kilichomwangusha ni swali moja tu: jiwe huyeyukaje ndani ya udongo, na kinachotoka ndani yake huenda wapi?

Mtoto wa muuza rangi

Liebig alizaliwa Mei 12, 1803 katika mji wa Darmstadt, Ujerumani ya leo. Baba yake alikuwa mfanyabiashara mdogo wa rangi, vanishi na dawa za viwandani, na mara nyingi alizitengeneza mwenyewe nyuma ya nyumba. Mtoto huyo alijifunza kemia kwa kumsaidia baba yake kabla hajajua kwamba somo hilo lina jina. Shuleni hakufanya vizuri.

Alipokuwa na umri wa miaka 13 aliona njaa kwa macho yake. Mlima wa volkano wa Tambora, katika nchi ambayo sasa ni Indonesia, ulilipuka mwaka 1815, na vumbi na gesi zake zikapunguza joto la jua sehemu nyingi za dunia. Mwaka uliofuata, 1816, Ulaya haikupata majira ya joto ya kawaida. Nafaka ziliharibika mashambani na bei ya mkate ikapanda kupita uwezo wa watu wa kawaida. Wapo waandishi wanaosema kwamba njaa ile ndiyo iliyomfanya Liebig baadaye aijali sana ardhi.

Alipelekwa kujifunza kazi kwa muuza dawa katika mji wa Heppenheim, lakini hakukaa muda mrefu. Baadaye alisoma katika vyuo vikuu vya Bonn na Erlangen, na mwaka 1822 mtawala wa Hesse alimpa fedha za kwenda Paris, ambako kemia ilikuwa imepiga hatua kuliko mahali pengine popote. Huko alifanya kazi katika maabara ya Joseph Louis Gay-Lussac, na akapata kuungwa mkono na mwanasayansi maarufu Alexander von Humboldt. Kwa msaada huo, mwaka 1824 aliteuliwa kufundisha Chuo Kikuu cha Giessen akiwa na umri wa miaka 21 tu.

Giessen ulikuwa mji mdogo. Liebig aliufanya kuwa mahali ambapo vijana kutoka Uingereza, Ufaransa, Urusi na Marekani walikuja kujifunza kemia kwa mikono yao badala ya kusikiliza mihadhara tu. Mwaka 1831 alitoa kifaa cha kioo chenye vitufe vitano kilichowezesha kupima kiasi cha kaboni katika vitu vinavyotokana na viumbe hai kwa haraka na kwa usahihi. Kazi iliyokuwa ikichukua wiki sasa ilifanywa na mwanafunzi kwa siku moja. Mabadiliko hayo ndiyo yaliyomwezesha kuchoma mimea, kupima majivu yake na kujua kila zao limechukua nini ardhini.

Kitabu cha mwaka 1840

Wakati huo wataalamu wengi wa kilimo waliamini kwamba mmea hula mboji, yaani mabaki ya mimea na wanyama yaliyooza. Ukiwa na mboji nyingi shamba lako ni zuri. Ikiisha, shamba limekufa. Nadharia hiyo ilikuwa na heshima kubwa Ujerumani.

Mwaka 1840 Liebig alitoa kitabu kuhusu matumizi ya kemia katika kilimo, na mwaka huohuo kikatoka pia kwa Kiingereza. Alisema kaboni ya mmea hutoka hewani, si kwenye mboji. Kinachotoka ardhini ni madini: potasiamu, chokaa, magnesia, fosforasi na mengineyo, yaleyale yanayobaki kwenye majivu baada ya mmea kuchomwa. Mkulima anayevuna na kuuza mazao mjini huuza pia madini hayo, na asipoyarudisha, ardhi yake hupungua kama duka linalouza bila kuagiza mzigo mpya.

Alitoa mfano wa Virginia nchini Marekani, ambako ngano na tumbaku zililimwa kwa muda mrefu bila mbolea, mpaka mashamba yaliyokuwa na rutuba nyingi yakageuka malisho duni. Aidha, alieneza kanuni kwamba mavuno huamuliwa na kile kirutubisho kilicho pungufu kuliko vyote, hata kama vingine vimejaa tele. Kwa haki, kanuni hiyo ilikuwa imeandikwa kabla yake na Mjerumani mwenzake, Carl Sprengel, katika miaka ya 1820. Liebig hakuwa mwepesi wa kuwapa wengine sifa zao.

Jiwe linavyooza

Sasa swali: madini hayo yalifikaje ardhini? Liebig alijibu kwamba yanatoka kwenye mawe, na jiwe alilolizungumzia sana ni feldispa.

Msomaji anayeijua Mwanza ameiona feldispa hata kama hajui jina lake. Yale mawe makubwa ya granaiti yanayosimama ufukweni mwa Ziwa Victoria yana chembe za aina kadhaa. Chembe zinazong'aa kama kioo ni kwazi, ambayo ndiyo inayobaki kuwa mchanga. Zile za rangi ya waridi, nyeupe au kijivu, zenye nyuso bapa, ndizo feldispa. Madini ya familia hii ni zaidi ya nusu ya tabaka la juu la dunia. Zipo zenye potasiamu, zenye sodiamu na zenye kalsiamu, na zote zimejengwa kwa silika na aluminiamu.

Feldispa haiyeyuki kama chumvi. Maji ya mvua huchukua hewa ya ukaa kutoka angani, na huchukua nyingi zaidi yanapopita kwenye udongo ambamo mizizi na vijidudu vinapumua. Hapo maji huwa tindikali dhaifu, dhaifu kiasi kwamba ulimi hauwezi kuitambua. Tindikali hiyo hupenya kwenye uso wa chembe, haidrojeni ikaingia mahali pa potasiamu, nayo potasiamu ikatoka na maji. Sehemu ya silika nayo huondoka. Aluminiamu na silika iliyosalia hujipanga upya na kuwa udongo wa mfinyanzi. Ukiona udongo mweupe laini wa kaolini, kama ule wa milima ya Pugu karibu na Dar es Salaam, jua kwamba asili yake ni feldispa iliyooza.

Kazi hiyo ni ya polepole mno. Feldispa ya kalsiamu huoza upesi kuliko zote, ya sodiamu hufuata, na ile ya potasiamu ndiyo ngumu zaidi. Hesabu za maabara zinaonyesha kwamba chembe ya feldispa ya potasiamu yenye upana wa milimita moja inaweza kuchukua mamia ya maelfu ya miaka kuisha. Joto na mvua huharakisha, na kusaga huharakisha pia kwa sababu maji hupata nyuso nyingi za kushambulia. Hata hivyo, bado tunazungumzia mwendo ambao hauna uhusiano na msimu wa mahindi.

Liebig aliliona hilo. Alieleza kwamba kulaza shamba hakuupi udongo kitu kipya, bali ni kuipa hewa na mvua nafasi ya kuozesha mawe zaidi, ili potasiamu itoke na kusubiri zao lijalo. Alieleza pia kwamba chokaa waliyotumia wakulima wa kaskazini mwa Uingereza ilisaidia kufungua madini ya udongo wa mfinyanzi. Maelezo hayo hayakuwa kamili, maana shamba linapolala hupata mambo mengine pia, ikiwamo naitrojeni. Lakini kumwambia mkulima wa mwaka 1840 kwamba shamba lake lina ghala la mawe linalofunguka kidogo kidogo kila mwaka lilikuwa jambo jipya kabisa kwa wengi.

Ukubwa wa ghala hilo hushangaza hata leo. Udongo wa juu wa hekta moja, kwa kina cha sentimita 20, una uzito wa takribani tani 2,500. Ukiwa na potasiamu asilimia moja tu, hiyo ni tani 25, na mahindi ya msimu mmoja huhitaji kilo makumi tu. Tatizo ni kwamba kati ya asilimia 90 na 98 ya potasiamu ya udongo kwa kawaida imefungwa ndani ya madini. Ni sawa na mfanyabiashara mwenye nyumba tatu lakini hana fedha taslimu ya kununulia mzigo.

Kosa la hesabu

Hapo ndipo ilipozaliwa mbolea ya mwaka 1845. Liebig alijiuliza: ikiwa nitampa mkulima potasiamu inayoyeyuka upesi, kama majivu, je, mvua haitaibeba yote hadi mtoni kabla mmea haujaifikia? Kwa mkemia wa maabara hofu hiyo ina mantiki. Ukimwaga maji kwenye chumvi, chumvi huondoka.

Akaamua kuiga jiwe. Potasiamu iliyeyushwa kwa moto pamoja na chokaa hadi ikawa kama kioo, kisha ikasagwa. Lengo lilikuwa kwamba, kama feldispa, itoe chakula kidogo kidogo. Kwa ufupi, alichukua kirutubisho ambacho mmea ungeweza kukitumia mara moja akakifunga tena ndani ya kitu kigumu, na mkulima akalipia kazi hiyo ya kufunga. Juu ya hayo mbolea ilikosa naitrojeni ya kutosha, kwa sababu Liebig aliamini kwamba amonia inayoshuka na mvua inatosha mimea.

Yeye mwenyewe alinunua eneo la ardhi ya mchanga nje kidogo ya Giessen ili kuijaribu, na ilichukua miaka kadhaa kabla ardhi ile haijaonyesha nafuu. Miaka kadhaa ni muda ambao profesa anaweza kusubiri. Mkulima mwenye kodi ya shamba ya kulipa hawezi.

Kwa mchumi, funzo la soko liko wazi zaidi ukimtazama mshindani wake. John Bennet Lawes, mwenye shamba la Rothamsted kaskazini ya London, alikuwa amekata hataza mwaka 1842 ya kumwagia tindikali ya salfa kwenye mifupa na mawe ya fosfeti ili fosforasi iyeyuke upesi. Wazo la kutibu mifupa kwa tindikali lilikuwemo katika kitabu cha Liebig cha 1840, ingawa Lawes naye alikuwa na majaribio yake. Mmoja alifanya kirutubisho kiyeyuke, mwingine alikifanya kisiyeyuke, na wote wawili waliuza kwa wakulima walewale. Lawes alifungua kiwanda mwaka 1843 na akatajirika.

Mwaka huohuo Lawes alimwajiri Joseph Henry Gilbert, ambaye alikuwa amesoma kwa Liebig huko Giessen, na wakaanza majaribio ya ngano katika shamba la Broadbalk. Majaribio hayo yalionyesha kwamba ngano iliyopewa madini bila naitrojeni haikufika mbali. Liebig alibishana nao kwa miaka mingi, tena kwa lugha kali. Katika suala hilo Lawes na mwanafunzi huyo wa zamani ndio waliokuwa na haki.

Jibu la hofu ya mvua lilitoka kwingine. Mwaka 1850 John Thomas Way, mkemia wa Chama cha Kifalme cha Kilimo cha Uingereza, alitangaza matokeo ya majaribio rahisi. Alipitisha maji yenye chumvi za amonia na potasiamu kwenye udongo, na yaliyotoka chini yalikuwa yameacha potasiamu na amonia ndani ya udongo, yakachukua chokaa badala yake. Kazi hiyo ilifanywa hasa na mfinyanzi. Yaani mabaki yaleyale ya feldispa na madini mengine yaliyooza ndiyo yanayoshika chakula cha mmea kisiende na maji. Mvua haikuwa mwizi mkubwa kiasi alichodhani Liebig.

Mwanzoni Liebig alimpinga Way. Baadaye alirudia majaribio mwenyewe, akakubali. Katika toleo jipya la kitabu chake la mwaka 1862 aliandika waziwazi kwamba alikosea, kwamba alijiona kana kwamba anaweza kurekebisha kazi ya Muumba, wakati udongo ulikuwa tayari umeumbwa na uwezo wa kujilinda. Si jambo dogo kwa mtu mwenye majivuno kama yeye.

Hapa kuna jambo linalotuhusu moja kwa moja. Si mfinyanzi wote hushika sawa. Kaolini hushika kidogo sana, na aina nyingine hushika mara nyingi zaidi. Katika nchi za joto zenye mvua nyingi, feldispa katika udongo mzee mwekundu imekwisha oza zamani na kilichobaki zaidi ni kaolini na kutu ya chuma. Ghala halina mawe ya kufungua na mlango wake hauna komeo zuri. Ndiyo maana udongo mwekundu uliozeeka huchoka haraka, wakati miteremko ya Kilimanjaro na Meru, yenye mawe machanga ya volkano, imelisha migomba kwa vizazi. Kwenye udongo mzee hofu ya Liebig ina ukweli wake: mbolea ya potasiamu ikiwekwa yote kwa mkupuo kwenye ardhi ya mchanga au iliyochoka, sehemu yake hupotea, na kuigawa mara mbili ni busara.

Vilevile, siku hizi wapo wanaouza unga wa mawe kama mbolea. Muuzaji aulizwe ni jiwe gani, na lina ukubwa gani wa chembe. Unga wa mawe meusi ya volkano huoza upesi kuliko wa granaiti, na feldispa ya potasiamu iliyosagwa peke yake ni ileile ya mwaka 1845 iliyobadilishwa mfuko.

Munich na nyama ya kopo

Mwaka 1852 Liebig alihamia Munich, akiwa tayari amepewa cheo cha ubaroni mwaka 1845, mwaka uleule wa mbolea iliyoshindwa. Huko alifundisha kidogo na kuandika sana. Aliishambulia Uingereza kwa kununua mifupa ya Ulaya nzima, hata ya viwanja vya vita, na kisha kumwaga baharini maji machafu ya London ambayo kwa maoni yake yalipaswa kurudi mashambani.

Katika biashara alipata bahati ya pili. Tangu mwaka 1847 alikuwa ameandika namna ya kuchemsha nyama na kupata rojo nzito, lakini nyama ya Ulaya ilikuwa ghali mno. Kilo moja ya rojo ilihitaji kilo 30 hivi za nyama. Mhandisi George Giebert alimweleza kwamba Amerika Kusini ng'ombe huchinjwa kwa ajili ya ngozi na nyama hutupwa. Kiwanda kikajengwa Fray Bentos, Uruguay, na mwaka 1865 kampuni ikaandikishwa London kwa jina la Liebig. Safari hii bidhaa ilienda sokoni kwa kishindo, ingawa madai kwamba rojo ile ina lishe sawa na nyama yenyewe hayakuwa ya kweli, na wataalamu wengine walilisema hilo mapema. Kampuni hiyo ndiyo iliyokuja kutoa Oxo.

Kuhusu potasiamu, Liebig aliishi kuona suluhisho ambalo hakulitengeneza yeye. Katika machimbo ya chumvi ya Stassfurt, Ujerumani, palikuwa na tabaka za chumvi za potasiamu ambazo wachimbaji walizitupa kama takataka. Mwaka 1861 Adolph Frank alifungua kiwanda cha kuzisafisha na kuziuza kama mbolea. Zilikuwa zinayeyuka kwenye maji upesi kabisa, kinyume cha mbolea ya 1845, na zilifanya kazi. Kwa miongo mingi dunia ilitegemea Ujerumani kwa potasiamu. Leo Kanada, Urusi na Belarusi ndizo zinazoongoza, na mkulima aliyenunua mbolea mwaka 2022, mwaka wa vikwazo na vita, anakumbuka bei ilivyopanda.

Liebig alifariki dunia mjini Munich Aprili 18, 1873 kwa ugonjwa wa mapafu, akiwa na umri wa miaka 69. Ngano ya Broadbalk ingali inapandwa kila mwaka, na ndani ya shamba hilo kuna kipande ambacho hakijatiwa mbolea yoyote tangu majaribio yalipoanza. Huzaa takribani tani moja kwa hekta.